Dhana ya Nasibu katika Utafutaji wa Ratiba Bora ya Mitambo ya Umeme: Mfano wa Kibondo na Kasulu

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kawaida, neno nasibu, lenye asili ya Kiarabu, humaanisha bahati au sudi. Katika takwimu, neno hilo hilo hutaja utaratibu maalumu wa uteuzi, ambapo kila kilichomo katika kundi kina nafasi inayojulikana ya kuteuliwa. Makala haya yanaonyesha kuwa kuzichanganya maana hizo huweza kubatilisha hesabu nzima.

2.0 Tatizo

Kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa katika miaka ya 2020, miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Kuwasha mtambo usiohitajika kulipoteza mafuta. Kuzima unaohitajika kulileta giza. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kituo kina jenereta tatu, na kila saa huamuliwa ipi iwashwe na ipi izimwe. Ratiba zinazowezekana kwa siku moja ni 2 kwa kipeo cha 72, idadi yenye tarakimu 22. Haiwezekani kuzikagua zote moja moja.

3.0 Mbinu

Ratiba ziteuliwe kwa nasibu, kila moja ikiwa na nafasi sawa. Zisizotosheleza mahitaji ya umeme ziachwe, hadi zipatikane 60 zinazofaa. Uwezekano wa zote 60 kuwa nje ya asilimia 5 ya ratiba zenye gharama ndogo zaidi ni 0.95 kwa kipeo cha 60, yaani takriban 0.046. Hivyo, kwa uhakika wa asilimia 95, iliyo nafuu kuliko zote 60 imo katika kundi hilo bora, hata jumla ya ratiba iwe kubwa kiasi gani.

Hata hivyo, matokeo hayo yanahusu daraja, si kiasi cha mafuta kinachookolewa. Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi walipendekeza mwaka 1983 mbinu inayoiga upoozaji wa metali: jibu hubadilishwa kidogo kidogo kwa nasibu, na mabadiliko ya hasara hukubaliwa kwa nadra zaidi kadiri hesabu inavyoendelea.

4.0 Hitimisho

Msimamizi akiteua ratiba 60 ovyo, au kwa mazoea yake, ile 0.046 haina maana tena. Nasibu ya kitaalamu ina kanuni zake. Inafaa, basi, istilahi uteuzi nasibu ifafanuliwe vitabuni kwa kigezo cha nafasi inayojulikana, wala isielezwe kwa neno bahati.