Kijana Asiyekuja Kwenye Semina

Mafunzo ya vijana yana mtego ambao waandaaji wengi huuingia bila kujua. Tangazo hupelekwa ofisi ya kata, mtendaji hupiga simu, na siku ikifika ukumbi unajaa. Waliokuja ni wale wale: wenye nauli, wenye jamaa ofisini, wenye majina yaliyokwisha kuzoeleka kwenye kila orodha. Binti wa kazi za ndani hayumo. Kijana kiziwi hayumo. Muosha magari anayelala pale pale anapooshea magari hayumo, wala yule aliyezama kwenye heroini ambaye mtaa mzima unamwita teja. Ripoti itaandikwa kwamba vijana walio katika mazingira magumu wamefikiwa, na karatasi ya mahudhurio itaambatanishwa kama ushahidi.

Kwa hiyo mafunzo ya watu wanaofanya kazi na vijana, wawe maafisa maendeleo ya vijana wa halmashauri, waelimishaji rika, makocha au walezi wa vituo, yaanze na swali la nani hayupo. Kuendesha semina, kubandika chati ukutani na kuchangamsha kundi kwa michezo ni mambo ambayo mtu hujifunza haraka. Kinachochukua muda ni kumfikia asiyekuja, kukubalika kwake, na kuwa naye hadi apate pa kuingilia.

Tatizo hili si geni wala si letu peke yetu. Uingereza, mwaka 1960, kamati iliyoongozwa na Lady Albemarle ilieleza jinsi huduma za vijana zilivyodorora na jinsi watendaji wenye mafunzo walivyokuwa wachache. Mwaka uliofuata chuo cha taifa cha kuwafundisha kilianza kazi Leicester, kwa kozi ya mwaka mmoja. Hata hivyo, chuo huandaa watu wa kuendesha klabu, na wapo vijana wasiokanyaga klabu. Mwaka 1965 Mary Morse alichapisha kitabu The Unattached, kuhusu watendaji waliopelekwa katika miji mitatu kuwatafuta vijana hao huko huko walikokuwa, hasa kwenye migahawa. Hawakuwa na ukumbi wala daftari la wanachama. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kufahamika tu.

Nairobi nako lilipatikana jibu la aina yake. Tangu mwaka 1987, Mathare Youth Sports Association imejengwa juu ya mpira wa miguu na usafi wa mtaa: timu hupata pointi uwanjani, na hupata pointi pia kwa kuondoa takataka na kuzibua mitaro. Viongozi hutoka miongoni mwa wachezaji wenyewe. Anayefundisha watoto leo ni yule aliyekuwa akifundishwa jana, na anayajua mazingira ya mtaa wa Mathare kwa sababu ndimo alimokulia. Mchango wake kwa wenzake humhesabia alama za kumsaidia kupata ada ya shule. Hapo mafunzo ya uongozi hayana siku ya kufunguliwa wala ya kufungwa. Yamo ndani ya kazi.

Tukija kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, somo la kwanza la vitendo linapaswa kuwa namna ya kufika. Mkufunzi mzuri huligeuza kuwa igizo: yeye na wenzake wawili wanakaa kama vijana wa bodaboda, mshiriki anakuja. Mara nyingi mshiriki husimama mbele yao na kusema, "Vijana, hamjambo? Nimekuja kuwaelimisha kuhusu fursa." Mmoja anajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Mzee, kama ni kuandikishwa, tumeshaandikishwa sana." Igizo linaishia hapo, na somo linaanza. Kijiwe kina wenyewe, na kina mkubwa wake; huyo ndiye wa kuamkiwa kwanza. Kina saa zake pia. Asubuhi abiria ni wengi, hakuna dereva atakayeacha hela akusikilize. Saa nane mchana, kazi ikipoa na mwuza kahawa akipita na birika lake, mazungumzo yanakuja yenyewe. Siku ya kwanza daftari na kamera vibaki ofisini. Ukiulizwa umetoka wapi, sema kweli, na usiahidi mkopo usiokuwa mkononi mwako.

Somo la pili ni kufuata karatasi. Kwa sheria iliyowekwa mwaka 2018, halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiisikia redioni, utadhani mlango uko wazi kwa kila kijana. Sasa mchukue muosha magari wetu, aliyetoka Kigoma, asiye na chumba cha kupanga. Wape washiriki zoezi la kumsindikiza kwenye karatasi, hatua kwa hatua: kitambulisho cha taifa, utambulisho wa serikali ya mtaa, kikundi chenye katiba, usajili, akaunti ya benki, andiko la mradi. Anakwama wapi? Anakwama mwanzoni kabisa, kwa sababu hakuna mwenyekiti wa mtaa anayemtambua kuwa mkazi wake. Hata kikundi hapati, maana wenye vikundi humwogopa mtu asiye na anwani: akikimbia, deni lake litawaangukia wao.

Zoezi hilo huua kauli moja inayopendwa sana maofisini, kwamba vijana wa siku hizi hawataki kujituma. Huyu anaamka alfajiri na kushika ndoo mpaka jioni. Alichokosa ni mtu wa kumdhamini kwa neno. Mtendaji aliyefundika hatakimbilia kumwandikia andiko la mradi. Ataongozana naye hadi ofisi ya serikali ya mtaa, atamjulisha kwa mwenyekiti, kisha atampisha ajieleze mwenyewe.

Somo la tatu ni sheria, na hapa makosa huwa na gharama kubwa. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 na Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 vinamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Binti wa miaka 16 anayefanya kazi za ndani, basi, ni kijana kwenye sera na mtoto kwenye sheria. Akikwambia mwenye nyumba anamwingilia usiku, hutakiwi kumwahidi kwamba utakaa na siri hiyo. Sheria inamtaka yeyote mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe serikali za mitaa. Yapo pia madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na namba 116 ya kupiga bure. Mtendaji anapaswa kumweleza mapema, kabla hajafunguka, mambo yapi yatabaki kati yao na yapi hayawezi kubaki.

Kukabidhi nako ni ujuzi. Kumwambia mtumiaji wa heroini "nenda hospitali" ni sawa na kutomwambia kitu. Huduma ya methadoni ipo, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikasambaa mikoani, lakini kwa kawaida dozi hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku. Hiyo maana yake nauli ya kila siku, na kibarua kisichogongana na saa za kliniki. Mwelimishaji anayejua hayo humsindikiza mtu safari ya kwanza, humtambulisha kwa muuguzi, na hukaa naye kupanga hela ya nauli itatoka wapi.

Kwa wasichana, kizuizi mara nyingi ni ratiba. Mazoezi ya saa kumi jioni uwanjani huwatenga wenye watoto wachanga na wanaopika nyumbani. Tangu Novemba 2021 Tanzania Bara inawaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, lakini ruhusa haimbebi mtoto. Kabla ya kumshawishi binti arudi darasani, mtendaji amuulize mtoto atabaki na nani, kisha aende kuzungumza na huyo bibi au shangazi, kwa adabu zote, kwa sababu uamuzi wenyewe uko mikononi mwake. Kwa viziwi, swali ni mkalimani wa lugha ya alama: yumo kwenye bajeti, au atatafutwa siku ile ile?

Mambo haya hayafundishiki kwa siku tano za hoteli. Hufundishika kwa siku chache za darasani, wiki kadhaa za mtaani, kisha kurudi kuzungumzia yaliyotokea, na tena hivyo hivyo. Mtendaji anahitaji mtu mwenye uzoefu wa kukaa naye kila mwezi na kumuuliza: nani amepotea, umemtafuta wapi, na wewe mwenyewe unaendeleaje? Kazi ya kusikiliza mateso ya wengine huchosha, na asiye na pa kuyatua huishia ama kuwakopesha vijana mshahara wake ama kuacha kupokea simu zao.

Anayefadhili mafunzo ya aina hii ana njia rahisi ya kujua kama fedha yake imezaa. Asiulize wamehudhuria wangapi. Miezi sita baadaye amwombe kila mhitimu amtajie vijana watatu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya kata, na aeleze wamefika wapi. Mhitimu akikosa hata mmoja, mafunzo yarudiwe, na mara hii yafanyikie mtaani.