Kadi ya Bibi Haiko Pesa ya Kutuma



Mwezi uliopita familia moja ya hapa Nakivale ilitujia na ugomvi. Bibi yao alipata safari ya Marekani mwaka 2016, anakaa na kijana wake katika jimbo la Kentucky. Usiku mmoja bibi alipiga WhatsApp na furaha tele: amepewa kadi inayowekwa dola 150 kila mwezi ya kununulia chakula, meno bure, miwani bure, na gari la kumpeleka kwa daktari. Huku watu walishangilia. Siku ya tatu mjukuu mmoja akaomba karo ya shule. Bibi akajibu kwamba ile kadi haitoi pesa. Basi maneno yakaanza: "Bibi amekuwa Mmarekani, anatuficha." Zikapita wiki mbili simu yake haipokelewi.

Halafu bibi akapiga tena, safari hii analia. Alikwenda kwa daktari wake wa kisukari, yule aliyemzoea miaka minne, akaambiwa bima yake imebadilika na hapo hapokelewi tena. "Mi sikubadilisha kitu," alisema. "Kuna mtu alinipigia, akaongea vizuri, mi nikasema tu yes, yes."

Tumeona tulieleze jambo hili vizuri, maana hiyo familia haiko peke yake. Wazee wetu wengi walio kule wanapokea simu na makaratasi ya namna hiyo, zaidi sana kuanzia mwezi wa kumi. Watoto wao wanaojua Kiingereza wako kazini usiku na mchana, kwa hiyo mzee anauliza huku kwetu.

Serikali ya Marekani ina bima ya wazee inayoitwa Medicare. Ilianzishwa mwaka 1965, na mtu huipata akifika miaka 65. Inalipa hospitali na daktari. Lakini ile ya kawaida hailipi kung'oa na kutengeneza meno, hailipi miwani ya kila siku, wala mashine za masikio. Na hivyo vitatu ndivyo mzee anavihitaji kuliko vyote! Hapo ndipo zinapoingia kampuni za watu binafsi. Sheria inaziruhusu kumchukua mzee katika mpango wao unaoitwa Medicare Advantage. Serikali inailipa kampuni kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya huyo mzee, na kampuni ndiyo inayosimamia matibabu yake. Ili zivute watu, kampuni zinaongeza vitu juu: meno, miwani, masikio, gari, kadi ya dawa ndogondogo za dukani. Zaidi ya nusu ya wazee wa Marekani wamo humo, kwa hiyo si wizi na si uongo. Kuna mzee aliyekaa miaka bila meno ya kutafunia, leo anakula muhogo kwa sababu ya mpango huo. Tunasema hivyo ili mtu asitoke hapa akampigia babu yake kumtisha.

Lakini neno "bure" lina kamba nyuma yake. Mzee akiingia katika mpango wa kampuni, mara nyingi anatakiwa kutibiwa na madaktari walio kwenye orodha ya kampuni hiyo tu. Daktari wake wa zamani asipokuwa kwenye orodha, ndiyo yale yaliyompata bibi. Tena kwa matibabu mengine, daktari lazima aombe ruhusa kwa kampuni kwanza, na kampuni inaweza kukataa. Na hayo meno yana mwisho wake. Tuseme mpango unalipa dola 1,000 kwa mwaka, na kazi ya meno ni dola 3,000. Zile 2,000 atazitoa nani? Mchango wa kila mwezi wa Medicare yenyewe, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 185, nao unabaki palepale hata kama kampuni inasema mpango wake ni wa sifuri. Wazee wengi wetu hawauoni kwa sababu wana pia Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo, na jimbo linawalipia.

Sasa tuje kwenye kadi, maana ndiyo iliyoleta vita. Ile kadi haiko kama mobile money. Haitoi noti kwenye mashine, haitumwi kwa wakala, haibadilishwi kuwa shilingi. Inanunua vitu vilivyokubaliwa tu, katika maduka yaliyokubaliwa: dawa ya maumivu, plasta, mswaki, na kwa wengine mboga na maziwa. Sehemu ya chakula haipewi kila mtu. Kwa kawaida ni ya mgonjwa wa muda mrefu, kama mwenye kisukari au moyo. Njia hiyo ilifunguliwa na sheria ya mwaka 2018, ikaanza kutumika 2020. Na mara nyingi pesa isiyotumika mwezi huo au miezi mitatu hiyo inapotea. Kwa hiyo bibi akisema hana cha kutuma na kadi ina dola 150, hadanganyi. Sisi wa huku tumezoea kuhesabu mifuko ya watu wa ng'ambo, na hapo tumekosea. Mzee anayebanwa na wajukuu anaweza kusema ndiyo kwa kila anayempigia, akitafuta kadi kubwa zaidi.

Na wanaopiga si wote ni watu wa bima. Wako matapeli wanaotaka namba iliyo kwenye kadi ya Medicare, ile yenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Wakiipata, wanadai malipo ya vifaa ambavyo mzee hakuviona. Medicare haimpigii mtu ambaye hakuiita ili kumuuzia kitu. Hata wakala wa kweli hulipwa kwa kila mtu anayemwandikisha. Mzee akate simu tu, si kukosa adabu.

Mtu atauliza: mzee afanye nini basi? Aanze na dawa zake na daktari wake. Amwulize daktari, kwa mdomo, kama anapokea mpango huo kwa jina lake kamili. Ajue meno yanalipwa mpaka dola ngapi. Kama hajui Kiingereza, apige 1-800-633-4227, aseme "Swahili," watamtafutia mkalimani bila malipo. Kila jimbo pia lina ofisi ya ushauri inayoitwa SHIP, ambayo haiuzi bima ya mtu yeyote. Na zile barua za mwezi wa tisa asizitupe, maana vitu vya ziada vinaweza kubadilika kila Januari. Kubadili mpango ni tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Aliyekwisha kuingia kwa kampuni ana nafasi nyingine kati ya 1 Januari na 31 Machi.

Kuna wanaotamani kuja kutuona. Bibi huyu alitaka kuja kuzika dada yake. Ajue kwamba Medicare ya kawaida, isipokuwa mara chache sana, hailipi hospitali ya nje ya Marekani. Mipango mingine inalipa dharura tu, aulize kabla ya tiketi. Anayepokea pesa za SSI akikaa nje siku 30 mfululizo, pesa zinasimama.

La mwisho ni zito kuliko meno. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewatoa wakimbizi wasio na Green Card katika Medicare. Zamani aliyefanya kazi miaka 10 akilipa kodi aliweza kuipata hata bila hiyo karatasi. Walioipata hivyo, sheria inasema mwisho wao ni 4 Januari 2027. Kwa Medicaid, tarehe iliyowekwa ni 1 Oktoba 2026. Na mzee ambaye hakufanya kazi kule anahitaji Green Card pamoja na miaka 5 ya kukaa mfululizo. Mkiongea na wazee wenu wiki hii, kabla ya kuuliza habari za kadi ya chakula, waulizeni hiyo Green Card iko wapi.

Bibi wa Kentucky anayo. Kwa kuwa ana Medicaid, tangu 2025 watu kama yeye wanaruhusiwa kurudi Medicare ya kawaida, pamoja na mpango wa dawa peke yake, mwezi wowote. Kijana wake alichukua ruhusa kazini nusu siku, wakapiga simu pamoja na mkalimani. Tarehe 1 ya mwezi uliofuata alirudi kwa daktari wake. Kadi imekufa, meno bado hayajatengenezwa. Wajukuu wamempigia kuomba msamaha, na karo bado inatafutwa.

Mwenye barua ya bima ya mzee wake asiyoielewa, atuletee picha ofisini siku ya Jumamosi asubuhi. Afiche namba kwanza.