Mtaji wa madini 50: Mchezo wa vita unaofundisha kujenga

Wazazi wengi, hasa sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, hatupendi kuwaona vijana wakicheza michezo ya vita kwenye kompyuta. Hoja hiyo ni nzito. Mtu aliyewahi kukimbia risasi na kulala porini hawezi kufurahia kumkuta mwanawe ametulia kitini akichoma majengo na kuua askari, hata kama askari hao ni picha tu. Mama mmoja hapa Makamba, anayeleta mchele na sabuni kupitia Manyovu, aliwahi kuniambia waziwazi: "Mwalimu, vita tumeviacha nyuma, wewe unavirudisha sebuleni?"

Ndugu msomaji, swali hilo linastahili jibu. Nitalijibu kwa kutumia mchezo ninaoucheza mwenyewe, uitwao StarCraft.

Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani tarehe 31 Machi 1998. Ni hadithi ya kubuni ya anga za mbali, ambako makundi matatu yanagombania sayari. Terran ni wanadamu, uzao wa wafungwa waliosafirishwa mbali na dunia. Zerg ni viumbe mfano wa wadudu, wanaozaliana upesi mno. Protoss ni watu wa kale wenye utaalamu mkubwa, wachache lakini wakali. Tofauti na bao, hapa hakuna zamu. Wakati wewe unafikiri, mwenzako anajenga.

Kila mchezaji huanza na jengo moja kuu, wafanyakazi wanne na madini 50. Kuajiri mfanyakazi mwingine ni madini 50, yaani mtaji wote. Mfanyakazi mmoja hurudi na madini 8 kwa kila safari. Askari wa kawaida wa Terran naye bei yake ni 50, lakini kwanza ujenge jengo la kumfunzia, ambalo ni 150. Hapo ndipo akili ya mtu inapopimwa. Asiyejua hukimbilia bunduki, na kama shambulio lake la kwanza likizimwa, hana tena kitu. Mjuzi huongeza wafanyakazi kwanza, akaweka ulinzi wa kutosha, kisha akatoa madini 400 kujenga makao ya pili penye madini mapya, kwa sababu anajua ya kwanza yatakwisha.

Jambo la ajabu kwa wageni ni kwamba kulimbikiza madini ni dalili ya kushindwa. Mwenye madini 1,000 yaliyolala anaweza kupigwa na mwenye sifuri, kwa kuwa ya huyu wa pili yamekwisha kuwa wafanyakazi, majengo na askari. Mfanyabiashara wa mpakani halihitaji somo hilo. Anajua kwamba fedha iliyofungwa kwenye kitambaa haizai, na kwamba fedha yote ikiwa kwenye gunia moja la mchele, mvua moja inatosha kumfilisi.

La pili ni upelelezi. Ramani ya mchezo ina giza, na unaona tu pale watu wako walipo. Kwa hiyo mapema kabisa mchezaji humtoa mfanyakazi mmoja kazini na kumtuma kwa adui akaone kinachojengwa. Ni hasara ndogo inayookoa hasara kubwa, sawasawa na mtu anayevuka kwenda kuuliza bei ya soko la ng'ambo kabla ya kukodi gari la mizigo.

Waliouelewa mchezo huu kuliko wote ni Wakorea ya Kusini. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 1997 uliwaacha wengi bila kazi, na baadhi yao walifungua vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, ambavyo huko huitwa PC bang. Vijana wakajaa humo wakicheza StarCraft. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na kituo cha televisheni cha kuonyesha mashindano, na mwaka 2004 ilitajwa kuwa watu wapatao 100,000 walikusanyika ufukweni Busan kutazama fainali. Mchezaji mashuhuri Lim Yo-hwan alipoingia jeshini mwaka 2006, aliendelea kucheza katika timu ya jeshi la anga. Wachezaji hodari walifikisha vitendo zaidi ya 300 kwa dakika moja.

Lakini fedha ilileta pia tamaa. Mwaka 2010 ilibainika kuwa baadhi ya wachezaji walipokea fedha za wacheza kamari ili washindwe kwa makusudi, nao walifungiwa maisha. Kwa hiyo mzazi anayeogopa ana sababu. Kompyuta bila saa maalum, au mchezo wenye dau, ni njia ya kumpoteza kijana.

Hata hivyo, hadithi yenyewe haisifu vita. Katika sehemu ya Brood War, iliyotoka mwishoni mwa 1998, nchi ya Protoss iitwayo Aiur imetekwa na Zerg. Walionusurika wanakimbilia Shakuras, makazi ya ndugu ambao mababu zao waliwafukuza zamani. Aliyefukuza anabisha hodi kwa aliyefukuzwa, na inabidi wajifunze kuishi pamoja. Nilipowaeleza wanafunzi wangu kisa hicho, hakuna aliyeuliza maana yake.

Kuna desturi moja ninayoisisitiza kwa wanangu kuliko mbinu zote. Mchezaji akiona ameshindwa, hangoji jengo la mwisho liungue. Anaandika herufi mbili, GG, maana yake mchezo ulikuwa mzuri, kisha anatoka. Aliyeshinda naye haendelei kubomoa. Laiti vita vya kweli vingekuwa na herufi hizo.

Tangu Aprili 2017 toleo la awali la mchezo huu linapatikana bure. Mzazi asikatae kabla ya kutazama. Akae na mwanawe nusu saa, amuulize swali moja tu: "Una wafanyakazi wangapi?" Akijibu kwa kutaja askari, hajauelewa bado.