Uliza duka, utampata mtu: Nilivyomtafuta babu Nchelenge

MAMA yangu hana cheti cha kuzaliwa. Ukimuuliza alizaliwa wapi, hujibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Unashuka kuelekea ziwani," husema. "Kwanza duka la chumvi, halafu la baiskeli, halafu la mikate. La nne ndilo lenye baraza ya baba. Nyuma yake ndipo nilipozaliwa."

Ziwa analolisema ni Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Mahali penyewe ni Nchelenge, mkoa wa Luapula, na mwaka ulikuwa 1953. Babu, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa fundi cherehani. Alianzia kazi Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula upande wa Kongo, kisha akavuka na kuweka cherehani yake kwenye baraza ya duka Nchelenge.

Mwaka 1960 ulitokea msiba Ujiji. Bibi alimchukua mama, akiwa na miaka saba, wakapanda lori hadi Mpulungu na kisha meli ya Liemba hadi Kigoma. Babu aliahidi kuwafuata baada ya wiki chache.

Hakufuata. Zilikuja barua mbili, zote kwa mwandiko wa mtu mwingine, maana babu hakujua kuandika. Baada ya hapo kikawa kimya.

Nyumbani kwetu jibu lilikuwa moja tu: ameoa huko, ametusahau. Mama alikua na jibu hilo. Nilipozaliwa, alikataa katakata nisipewe jina la baba yake.

Januari iliyopita niliamua kwenda. Nilipanda basi hadi Tunduma, nikavuka Nakonde, nikapita Kasama, Luwingu na Mansa. Kutoka Mansa ni zaidi ya kilomita 200 kuelekea kaskazini, ukipita Mwense na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ndipo ufike Nchelenge.

Kiswahili si kigeni katika nchi hiyo. David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh akiishi huko. Na humo ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo Mtanzania yeyote akilisikia lazima ageuke.

Siku mbili za kwanza nilizunguka nikitaja jina la babu. Hakuna aliyelijua. Soko la samaki la Kashikishi lilikuwa limepoa, kwa kuwa uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Wavuvi walikuwa majumbani wakishona nyavu.

Mmoja wao, mzee wa makamo, alinisikiliza kisha akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, unauliza vibaya," aliniambia. "Jina la mgeni hupotea. Watu wanakumbuka mgeni alikuwa anauza nini, na nani alimkopesha. Uliza duka."

Nikamtajia orodha ya mama: chumvi, baiskeli, mikate, baraza. Akaacha uzi wake, akasimama, akaniambia nimfuate.

Ili msomaji aelewe kwa nini palikuwa na maduka yote hayo ufukweni, inabidi kutazama migodini. Migodi ya shaba ya Katanga ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa, na samaki wa Mweru na Luapula walikuwa kitoweo chao. Wagiriki waliohamia Kasenga walinunua samaki, wakawapakia kwenye barafu au kuwakausha, wakawapeleka kwa malori Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wavuvi walipewa nyavu kwa mkopo, wakalipa kwa samaki.

Fedha hiyo ndiyo iliyoleta maduka. Mvuvi alihitaji chumvi ya samaki. Mchuuzi alihitaji baiskeli. Mwenye pesa mkononi alitaka mkate na suruali ya kaki. Hata samaki aina ya mpumbu, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alipopungua mno kati ya miaka ya 1940 na 1950, biashara iliendelea kwa samaki wengine.

Yule mvuvi alinifikisha kwenye barabara inayoshuka ziwani. Leo kuna vibanda vya kutuma pesa kwa simu na wauzaji wa chisense, visamaki vidogo wanaokaushwa juani kama dagaa wetu. Kwa maduka ya zamani nilionyeshwa misingi tu. Mmoja umeota nyasi, mwingine umejengewa kibanda juu yake.

Pembeni ya msingi wa tatu alikaa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mihogo mikavu. Baba yake ndiye aliyekuwa mwokaji mikate. Aliolewa Kasenga, akarudi akiwa mjane, hivyo Kiswahili chake ni kile cha Katanga.

Nilimwamkia, nikamwambia namtafuta fundi wa baraza ya duka la nne.

"Ule baba wa masini?" aliuliza. "Namujua sana ule. Alikuwa na mutoto mwanamuke. Kila asubuhi anakuja kwetu kuomba mukate, lakini anataka ile ya mwisho tu, ile nguvu."

Nilishindwa kusema kitu. Mama yangu hadi leo hagusi mkate mpaka apewe kile kipande kigumu cha mwisho.

Bibi alinikalisha, akanieleza jinsi mtaa ule ulivyokufa, duka moja baada ya jingine. Katika maelezo yake nilimpata babu.

Kwanza lilifungwa duka la chumvi. Julai 1960 Katanga ilijitangazia kujitenga na Kongo, vita vikaingia. Malori ya ng'ambo yaliacha kuja, anasema, na kama samaki hanunuliwi, chumvi ni ya nini? Hapo ndipo babu aliponaswa. Mwenye duka la nne alikuwa ametoa nyavu kwa wavuvi asiowajua vizuri, na mtu aliyewadhamini kwa mdomo wake ni babu. Wavuvi waliposhindwa kulipa, mwenye duka alishika cherehani. Babu aliruhusiwa kuishonea pale pale barazani, lakini asiondoke nayo mpaka deni liishe.

Pili lilifungwa duka la baiskeli, mwaka 1961. Karani wake alirudi kwao. Huyo ndiye aliyekuwa akimwandikia babu barua.

"Baada ya ule kuenda, nani angemuandikia Kiswahili?" bibi anauliza.

Deni liliisha miaka mitano baadaye, mwaka 1966. Babu alianza kuweka akiba ya nauli. Masika yaliyofuata alishikwa na homa, na wiki haikuisha. Duka la mikate nalo lilifungwa mwaka huohuo.

La nne lilifuata mwaka 1968. Aprili ya mwaka huo, pale Mulungushi, Rais Kenneth Kaunda alitangaza kuwa serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za kampuni 26, na kwamba wenye maduka wasio raia watabaki katikati ya miji mikubwa tu. Mwenye duka la nne alikuwa mgeni, akafungasha. Watanzania waliopitia Operesheni Maduka ya mwaka 1976 wataelewa yaliyofuata: maduka ya umma yalikuja, na kufikia miaka ya 1980 rafu zake nyingi zilikuwa tupu.

"Hakuoa?" niliuliza, maana hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Bibi alinitazama kama niliyemtukana.

"Kila Januari, shule zikifunguliwa, alikuwa anashona gauni moja ya mutoto mwanamuke," anasema. "Anaitundika kwenye musumari, hauzi. Mwaka unaofuata anaitoa, anaigawa kwa mutoto wa mutaa, anashona ingine, kubwa kidogo. Sisi watoto tulikuwa tunangoja. Ya mwisho nilipewa mimi."

Alinipeleka makaburini nyuma ya mtaa, akanionyesha mahali kati ya miembe miwili. Hakuna jiwe wala kibao. Nilisoma Fatiha, naye akasimama pembeni, kanga kichwani, mpaka nikamaliza.

Jioni nilimpigia mama simu Kigoma. Nilimweleza yote kwa mpangilio wake mwenyewe: chumvi, baiskeli, mikate, baraza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye gauni, kimya kilikuwa kirefu hadi nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza, "Lilikuwa la rangi gani?"

Sikujua. Nikampa bibi simu. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesikiana kwa zaidi ya miaka 60. Walisalimiana, huyu kwa Kiswahili cha Ujiji na yule kwa cha Katanga, na nikasikia bibi akisema: "Buluu, dada. Na kola ya mweupe. Nilivaa mpaka ikapasuka. Unisamehe, ilikuwa yako."

Sikusikia mama alijibu nini. Nilimwona bibi akicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Aliponirudishia simu, mama alinipa kazi moja tu kabla sijaondoka Nchelenge: nitafute fundi wa saruji, niandikishe kibao, na jina la babu liandikwe lote.