Je, Wajua? Msafara Mzima Ndani ya Glasi ya Kijani

Je, wajua kwamba mwaka 1871 Tabora ilikuwa na karibu kila kitu cha kutengenezea juisi ya kijani, isipokuwa blenda? Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, mwezi Juni mwaka huo, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata kinataja miti iliyopandwa kuzunguka tembe za Waarabu: michungwa, milimau, mipapai na miembe. Viazi vitamu navyo vilipatikana kwa bei rahisi, na penye kiazi kitamu hapakosi matembele. Leo mama anayetoka Ntalikwa, kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, na fungu la mchicha na maembe matatu kikapuni, amebeba bustani ile ile.

Je, wajua kwamba ndani ya glasi ya juisi hiyo wageni ni wengi kuliko wenyeji? Embe asili yake ni Asia ya Kusini, ndizi ni ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mlonge ulitoka India. Papai lilivuka bahari kutoka Amerika ya Kati, nanasi kutoka Amerika ya Kusini, na parachichi kutoka Mexico na majirani zake. Miembe mikongwe ya njia ya misafara, ile iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji, hadi leo huonyeshwa kama alama za mahali walipokanyaga wapagazi wa Kinyamwezi, na mateka pia. Ukitaka mzaliwa halisi wa Afrika kwenye genge la mboga, ulizia majani ya kunde au mgagani.

Je, wajua kwamba ile "spinachi" unayofungiwa gengeni mara nyingi si spinachi? Ni ndugu wa damu wa kiazi sukari: mmea mmoja, ila huu ulikuzwa kwa ajili ya majani na yule kwa ajili ya mzizi. Hata hivyo hujatapeliwa sana, kwa kuwa spinachi ya kweli, hii ya gengeni na mchicha wetu wote ni wa familia moja. Sukuma wiki naye ana ukoo wa kushangaza: yeye, kabichi, koliflawa na brokoli ni spishi moja.

Je, wajua kwamba kuna simulizi inayolitoa jina la Tabora kwenye matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa? Mji mzima kuitwa kwa jina la kitafunio! Mimi naipenda simulizi hiyo kuliko nyingine zote.

Je, wajua ni jani gani kamwe halifai kutiwa kwenye blenda likiwa bichi? Kisamvu. Hapa tusimame kidogo, maana nimewahi kumsikia mtu akishauri hivyo kwa kujiamini kabisa. Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini, na pembeni yake, ndani ya jani hilo hilo, kuna kimeng'enya kinachoingoja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Likipondwa vinakutana, na inazaliwa sayanidi, ambayo ni sumu kali. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walitwanga kisamvu kwenye kinu kisha wakakichemsha muda mrefu bila kufunika moja kwa moja. Kutwanga kunaitoa sumu mafichoni, moto na mvuke vinaifukuza. Blenda inafanya nusu ya kwanza ya kazi tu, halafu wewe unakunywa nusu iliyobaki. Kisamvu kibaki chunguni, na nazi au karanga zake.

Mlenda hauna sumu. Lakini usiutie. Ute wake utakupa glasi inayomiminika kama uzi, na watoto hawatakuamini tena.

Je, wajua kwamba Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na blenda ikazaliwa miaka kumi baadaye? Mwaka 1922 Stephen Poplawski, Mmarekani mzaliwa wa Poland, aliweka visu vinavyozunguka chini ya jagi, na shabaha yake ilikuwa vinywaji vya maziwa vya kwenye vioski vya soda. Majani hayakuwamo akilini mwake. Juisi ya kijani, ambayo mjini wanaiita smuthi, ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Victoria Boutenko, mama mwenye asili ya Urusi aliyehamia Marekani na kuiandikia kitabu.

Basi inatengenezwaje? Chukua konzi mbili za mchicha mchanga au sukuma wiki iliyotolewa uti, embe moja bivu, ndizi moja, maji ya kunywa kikombe kimoja na nusu ndimu. Osha majani vizuri, mchanga utoke wote, na maji ya kusagia yawe yamechemshwa na kupoa, kwa sababu hapa hakuna moto utakaokusaidia baadaye. Siri iko kwenye mpangilio: saga majani na maji kwanza mpaka vipande visionekane, ndipo utie matunda. Ukitia vyote kwa pamoja, utakunywa huku unatafuna. Mgeni wa mambo haya aanze na matunda sehemu mbili kwa majani sehemu moja. Ulimi ukizoea, aongeze majani. Sukari? Embe la Desemba halihitaji msaada.

Je, wajua kwamba kijiko kimoja cha karanga za kukaanga, zao ambalo Tabora inalijua vizuri, kina kazi kubwa humo? Karotini ya kwenye embe na majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Kipande cha parachichi kinafanya kazi hiyo pia. Ndimu nayo haipo kwa ladha tu: vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye majani. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri kama saa moja.

Nanasi na papai visivyopikwa havipatani na maziwa. Nilijifunza jikoni kwangu, mbele ya wageni, nilipoona nifanye ufahari wa papai na maziwa fresh na kuiacha juisi mezani wakati tunasalimiana. Kufika kuinywa, chungu kama mwarobaini. Vimeng'enya vya matunda hayo huvunjavunja protini ya maziwa, na uchungu hutokana na vipande vyake. Wageni walimaliza glasi zao, Mungu awabariki.

Rangi ina sheria zake. Embe na majani hutoa kijani cha kupendeza. Zambarau na majani hutoa tope.

Je, wajua kwamba mvua za Tabora, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, huleta maembe na mchicha kwa wakati mmoja? Kiangazi majani huadimika, na ndiyo maana Wanyamwezi hukausha majani ya kunde na kuyaita nsansa. Hayo ni ya chungu, si ya blenda: jua huondoka na sehemu kubwa ya vitamini C.

Porini kuna hazina nyingine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, hapo hapo Tabora, kimeshughulika kwa miaka mingi na matunda ya miombo kama ntalali, mbula na matonga, na akina mama wamefundishwa kuyafanya juisi na jemu. Tonga lina nyama tamu ya njano, lakini mbegu zake hutemwa. Mtonga ni jamaa wa mti wa Asia unaotoa sumu ya striknini. Zitenge mbegu zote kabla hujawasha blenda. Utamu ukipungua, asali ya miombo ipo, ila si kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Anayemeza dawa ya warfarini asianze juisi hii kabla ya kuongea na daktari wake, maana vitamini K ya majani hupingana na dawa hiyo. Na mwenye historia ya mawe kwenye figo apunguze mchicha na spinachi vibichi. Vina oksaleti nyingi.

Je, wajua kwamba huhitaji friji? Tia jagi la juisi lililofunikwa ndani ya mtungi wenye maji. Udongo hutoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Hata hivyo usiiweke mpaka kesho, kwa kuwa hewa huifanya iwe ya kahawia na vitamini C huzidi kupungua.

Na chujio lirudishe kabatini. Ukichuja, nyuzinyuzi nyingi zinabaki juu, na watakaofaidi ni kuku wa jirani.