Motokaa ya Mbio Wakati wa Masika

Huko Ulaya, theluji inapoanza kuanguka, watu wengi wenye motokaa za mbio huzifunika turubai na kuziacha bandani mpaka jua lirudi, wala hakuna anayewacheka. Kwetu Kajiado hatuna theluji, lakini tunayo masika ya Machi hadi Mei, na baada yake baridi ya Juni hadi Agosti. Mimi nilinunua motokaa ya namna hiyo mwezi wa Februari, jua likiwaka, nikachekwa na kijiji kizima. Napenda kuwaeleza wasomaji yaliyonipata, ili mwenye fedha mkononi apate kufikiri kabla ya kuzitoa.

Mimi ni karani wa serikali. Ofisi yangu iko mjini Kajiado, na nyumba yangu iko nje kidogo ya Kitengela. Barabara kuu itokayo Athi River kwenda Namanga, ikipitia Kitengela, Isinya na Kajiado, ni ya lami, na juu yake motokaa yangu nyekundu ilikwenda kama swala. Lakini kutoka lami hadi mlangoni kwangu ni kilomita tatu za udongo mweusi. Udongo huu wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kwato ya mbuzi. Ukipata mvua huvimba, huteleza, na kung'ang'ania gurudumu mpaka lisizunguke. Tumbo la motokaa yangu lilikuwa inchi tano tu juu ya ardhi. Mvua kubwa ya kwanza ililaza motokaa kifudifudi hatua mia moja kutoka nyumbani. Tuliisukuma siku mbili mpaka uani, ikakaa hapo.

Basi, kwa kuwa haikuweza kwenda, tuliitafutia kazi.

Kwanza, ilikuwa banda la kuku. Kuku mmoja aliingia dirishani akakalia kiti cha nyuma, ambacho hata hivyo hakikumtosha mtu mzima, na baada ya siku chache tulikuta mayai kumi na moja. Bibi yangu alisema hiyo ndiyo faida ya kwanza kuiona.

Pili, ilikuwa tangi la maji. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na maji matamu hununuliwa. Paa la motokaa lilikuwa la turubai, likalegea katikati, na kila mvua kubwa ilituachia ndoo mbili za maji safi ya kufulia.

Tatu, ilikuwa mahali pa kukaushia nguo. Mwezi wa Julai mawingu hufunika anga tangu asubuhi, na soksi za shule hazikauki. Niliwasha injini kwa robo saa, boneti likapata moto, na soksi zikatandazwa juu yake. Hesabu ya petroli sikumwonyesha bibi yangu.

Nne, ilikuwa baraza la wazee. Walikuja jioni kusikiliza habari katika redio yake na kutia moto simu zao. Mzee mmoja jirani yangu, mfugaji, alifunga ndama wake kwenye bampa la mbele, akaizunguka motokaa mara mbili, akaniuliza: "Karani, ng'ombe wako huyu hatoi maziwa, hazai, na mvua ikinyesha hatembei. Ulimnunua wa nini?" Nikajibu kwamba ana nguvu za farasi mia moja na hamsini. Mzee akasema, "Mwanangu, ungenunua punda mmoja."

Maneno hayo niliyacheka mpaka usiku mmoja mwishoni mwa Aprili. Mtoto wetu mdogo alishikwa na homa, pumzi zikawa za haraka, na mbavu zake zikawa zinabonyea kila alipovuta hewa. Hiyo si dalili ya kungoja mapambazuko. Niliwafukuza kuku, nikawasha motokaa. Ilinguruma kwa sauti kubwa, ikafika langoni, ikazama. Bibi yangu hakusema neno. Alishuka na mtoto mgongoni akaenda kwa mzee. Mzee alifunga punda wawili kwenye mkokoteni wake wa kubebea maji, nasi tukafika barabara ya lami kwa muda wa saa moja na nusu, na hapo lori likatuchukua mpaka hospitali. Daktari alisema ni kichomi, na kwamba tulifika kwa wakati. Mtoto alipona.

Wapo watakaosema kwamba motokaa za mbio zimewahi kushinda matope ya nchi hii. Ni kweli. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha. Datsun 240Z, ambayo ni motokaa ya mbio hasa, ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini magari hayo yaliimarishwa kwa ajili ya safari hiyo, na mafundi wenye vipuri waliyangoja njiani. Hata hivyo, mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza, na mshindi mara zote mbili alikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Karani hana mafundi wa kumngoja njiani.

Mwezi wa Septemba njia ilipokauka, niliiosha motokaa yangu nikaiuza kwa kijana wa Nairobi anayeishi penye lami mpaka mlangoni. Nilipata hasara. Kwa fedha zilizorudi nilinunua pikapu kuukuu iliyoinuka vizuri, na tangi la kukingia maji ya mvua, na kilichosalia kililipa karo. Mzee nilimpelekea magurudumu mapya ya mkokoteni.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kununua gari, usilitazame likiwa limesimama juu ya lami mbele ya muuzaji. Kwanza tembea kwa miguu, siku ya mvua, kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwako. Viatu vyako vitakushauri vema kuliko muuzaji.