Kaa na sokwe, nani mwenye nguvu?

Ubaoni, katika sekondari moja hapa Tukuyu, madam wa biolojia alichora gando la kaa kubwa kuliko kichwa chake, na pembeni yake mkono wa sokwe. Somo hilo halimo kwenye muhtasari. Lilizuka baada ya mwanafunzi kuuliza: hawa wawili wakishikana, nani ataumia? Swali la kitoto, lakini limeniganda.

Sokwe wako mbali na Rungwe, huko Gombe na Mahale. Kaa mwenyewe ni yule apasuaye nazi, anayehifadhiwa kisiwani Chumbe, Zanzibar. Huanguliwa baharini, akikomaa huishi nchi kavu, na ukimrudisha majini hufa maji.

Watafiti wa Japani waliwapima kaa 29 kule Okinawa, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Hakuna aliyefika kilo 2.2, ila mmoja alibana kwa nyutoni 1,765. "Mnajua hiyo ni nini?" madam akauliza. "Kilo 180 zimekalia kidole chako. Karibu magunia mawili ya mahindi." Vidole vikafichwa chini ya madawati.

Kisha akalijaza gando chaki nyekundu. "Humu ni msuli mtupu. Mifupa yake ndiyo hili gamba, iko nje; msuli umejishikiza ukutani kwa ndani. Gando fupi, msuli mnene, nguvu yote inaishia nchani. Sokwe mifupa yake iko ndani kama yako. Msuli wake, sawa kwa sawa na wako, unakuzidi mara 1.35 tu."

Hiyo 1.35 ni ya utafiti wa 2017, na hapo ndipo ninapokwama: kaa amepimwa kwa kubana, sokwe kwa msuli. Mizani miwili hiyo. Madam hakubisha.

Akawaambia pia gharama ya gamba. Kaa huyu, ili akue, hujichimbia shimoni wiki kadhaa akajivua gamba, mwili laini, hana kinga.

"Madam, na sokwe wetu wa hapa, kipunji?"

"Kipunji ana mkia. Sokwe hana. Huyo ni jamaa wa nyani."

"Basi yeye anabana kiasi gani?"

Hajui. Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117, wote Tanzania, wengi wao misitu ya Rungwe na Livingstone. Nani, akauliza, atakubali mmoja akamatwe kwa ajili ya mzani?